Na Mwenye Kiti cha Magurudumu Afike Mlimani

Mvua za masika zinapokwisha na barabara zikakauka, ndipo watoto wetu wanapoleta nyumbani barua za shule. Safari ya mafunzo! Mchango ni kiasi fulani, kila mtoto aje na chakula chake, mzazi atie sahihi. Kwa sisi tunaokaa Lumemo na Ifakara, mahali pa kwenda panajulikana. Ni Mang'ula, kwenye makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, au ni Sanje yalipo maporomoko. Wengine huvuka Mto Kilombero wakapanda Mahenge. Bonde letu ni tambarare kama jamvi, lakini mambo ya kuwaonyesha watoto, ya historia na ya maumbile, yako juu.

Sasa mfikirieni mama mwenzetu ambaye barua hiyo imeletwa na mtoto anayetembelea kiti cha magurudumu. Mtoto wa miaka 11 au 12 habebeki tena mgongoni, na mama yake anajua uzito wake kuliko mizani ya kliniki. Mwalimu naye hana ubaya. Anakuja mwenyewe jioni, anakaa kwenye kigoda, anaongea kwa upole: "Mama, kule ni mlimani. Tunaogopa mtoto atapata shida." Mama anakubali upesi, kwani hata yeye alikuwa anaogopa. Mchango haudaiwi. Alfajiri basi linapiga honi, na mtoto analisikia akiwa kitandani. Jumatatu darasa zima linapewa insha ya kuandika, nayo inaitwa "Safari yetu".

Hatuyasemi haya ili kumlaumu mwalimu wala mama. Tunataka kuliangalia lile neno ambalo wote wawili walilikubali bila kulipima: kule ni mlimani. Je, ni kweli kwamba mlima ndio unaomzuia mtoto huyu?

Chukueni Mahenge. Kila mtoto wa wilaya zetu hufundishwa kwamba tarehe 30 Agosti 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, boma la Wajerumani pale mlimani lilishambuliwa, na kwamba katika vita hivyo Wapogoro na Wambunga walipoteza watu wengi. Ni historia ya mababu zetu wenyewe. Mahenge iko juu sana, lakini nani kati yetu anapanda Mahenge kwa miguu? Gari linapanda. Zamani shida kubwa ilikuwa kivuko, na yeyote aliyewahi kusukuma hata baiskeli tu kwenye matope ya kingo za Mto Kilombero anajua maana yake. Siku hizi kuna daraja la mita 384 lenye jina la Rais Magufuli, na mtoto anavuka akiwa amekaa dirishani kama wenzake. Mto umevukwa na mlima umepandwa na injini. Kinachobaki ni pale gari linaposimama: mtaro usio na kifuniko, ngazi tatu za saruji, mlango mwembamba, choo kilichojengwa juu ya kibao kirefu. Mtoto amesafiri kilomita nyingi, anazuiwa na sentimita 45.

Hayo ndiyo tunayotaka kuyazungumza, kwa sababu sentimita 45 si kazi ya Mungu kama mlima. Zilimwagwa na fundi.

Mji aliohubiri Paulo

Kuna mji uliolikabili swali hili kwenye kilima kigumu kuliko vyote vyetu, tena mnaujua kutoka kitabu cha Matendo ya Mitume. Ni Athene, huko Ugiriki. Paulo alisimama Areopago akawahubiria watu wa mji ule. Areopago ni mwamba, na juu yake, jirani kabisa, kuna kilima kikubwa zaidi kiitwacho Akropolisi, chenye hekalu la Parthenoni lililojengwa kati ya mwaka 447 na 432 kabla ya Kristo. Paulo aliyaona majengo hayo kwa macho yake, wakati huo yakiwa tayari na umri wa karibu miaka 500. Leo wageni wanaokwenda kuyatazama ni mamilioni kwa mwaka.

Lakini Wagiriki wa kale walichagua kilima kile kwa sababu adui asingeweza kukipanda kwa urahisi. Kina magenge pande zote isipokuwa upande wa magharibi, na huko nako kuna mwinuko mkali na ngazi za mawe zilizolainishwa na nyayo za karne nyingi hadi zinateleza. Mwenye magurudumu alibaki chini akitazama juu.

Mwaka 2004 Athene ilikuwa mwenyeji wa Michezo ya Olimpiki na ile ya Paralimpiki ya wanamichezo wenye ulemavu. Ingekuwa aibu iliyoje, wanamichezo hao wafike Ugiriki wasiweze kuipanda Akropolisi! Basi ikafungwa lifti kwenye genge la upande wa kaskazini. Wengi walishangilia. Hata hivyo lifti ile ilikuwa nyepesi, ya aina wanayotumia wajenzi wa maghorofa. Upepo ukivuma kwa nguvu haikufanya kazi, na iliharibika mara kwa mara, hata kabla ya mwaka 2020 ikawa imesimama kwa muda mrefu. Tena mtu aliyebahatika kufika juu alikuta mwamba wenye mashimo na mabonde, hawezi kusogea mbali na lifti. Alifikishwa sebuleni akaambiwa asikanyage zulia.

Hapo tutue kidogo, kwa sababu kosa hilo tunalijua sana hata kwetu. Mara ngapi tumeona jengo lina njia nzuri ya mteremko mlangoni, kisha ndani mkutano unafanyika ghorofani? Kazi ikifanywa nusu, aliyefanyiwa anaonekana mtu asiyeridhika anapouliza nusu ya pili.

Wagiriki walirudia kazi. Tarehe 3 Desemba 2020, ambayo ni Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, lifti mpya ilizinduliwa, imara zaidi, na Mfuko wa Onassis ulisaidia gharama. Safari hii walitengeneza na njia za zege juu ya kilima, ili anayetoka kwenye lifti aweze kuzunguka mpaka karibu na Parthenoni. Ndipo ukazuka ugomvi mkubwa. Wataalamu wa mambo ya kale, wa Ugiriki na wa nchi nyingine, walilalamika kwamba zege limefunika mwamba mtakatifu wa wahenga na kuharibu sura yake. Profesa Manolis Korres, ambaye ameitumikia Akropolisi kwa miaka mingi na ndiye aliyesimamia mpango huo, alijibu kwamba zege lile halijagusana na mwamba. Chini yake limetandikwa tabaka la kuzuia, ili siku ikitakiwa libanduliwe na mwamba ubaki kama ulivyokuwa.

Sisi tunaona kila upande una jambo la maana. Mahali pa kale pakiharibiwa hapatengenezwi upya, na si halali kuvunja ukuta wa mababu ili kupitisha kiti. Lakini njia inayoweza kubanduliwa haimuui mtu. Na tukumbuke kwamba wapiganaji wa zege walikuwa ni watu waliokwishafika juu kwa miguu yao.

Mashujaa wa Kilimanjaro si jibu

Pengine mtasema, mbona hata Kilimanjaro walemavu wamepanda? Ni kweli. Bernard Goosen wa Afrika Kusini alifika kileleni kwa kiti cha magurudumu, na mwaka 2007 alitumia siku 6. Mwaka 2012 Mmarekani Kyle Maynard, aliyezaliwa bila mikono kuanzia viwiko na bila miguu kuanzia magoti, alitambaa mpaka juu. Tunawavulia kofia.

Lakini tuwe waangalifu na habari za namna hii. Zinapendeza gazetini, na mara nyingine zinatumika kumfunga mdomo mtu wa kawaida: "Mwenzako alipanda Kilimanjaro, wewe unashindwa ngazi tatu?" Hao ni watu wazima waliofanya mazoezi kwa muda mrefu. Binti wa Lumemo hataki kuwa shujaa. Anataka kwenda mahali darasa lake linapokwenda, siku ileile, akiwa na sare ileile, na arudi na la kuandika kwenye insha.

Afadhali tutazame Mlima wa Meza kule Cape Town. Ni mlima wa zaidi ya mita 1,000, sehemu ya hifadhi ya taifa, na tangu mwaka 1929 kuna gari la kamba linalopandisha watu. Lilipofanyiwa matengenezo makubwa mwaka 1997 yaliwekwa mabehewa mapya ya duara, na mwenye kiti cha magurudumu anaingia humo na wenzake, anashuka juu na kukuta baadhi ya njia zimetengenezwa za kumtosha. Hakuna anayempigia makofi, na hilo ndilo tunalolipenda.

Na Udzungwa je?

Udzungwa haina lifti wala gari la kamba, nasi hatuombi. Hifadhi ile, iliyoanzishwa mwaka 1992 na yenye kilomita za mraba 1,990, inapendwa kwa sababu ni msitu wa kutembea kwa miguu. Maporomoko ya Sanje yanaanguka mita 170, na njia ya kuyafikia ni kupanda hasa, mizizi na mawe. Kusema kweli, kuifanya njia yote ile ipitike kwa magurudumu kungemaanisha kuukatakata mlima, na msitu unaotunza vijito vinavyonywesha mashamba yetu ya mpunga usiguswe hivyo.

Lakini hifadhi si Sanje peke yake. Karibu na makao makuu pale Mang'ula kuna maporomoko madogo yaliyopewa jina la Prince Bernhard wa Uholanzi, yapata kilomita 1 tu. Kuna ukingo wa msitu ambako, mwenye subira na kelele chache, anaweza kuwaona mbega wekundu wa Udzungwa ambao duniani hawapatikani mahali pengine. Kipande kifupi cha njia ngumu iliyoshindiliwa vizuri, bila mizizi, chenye benchi na kivuli na mahali pa kugeuzia kiti, kingetosha kumwingiza mtoto msituni. Hata mama mjamzito, bibi mwenye magoti mabovu na baba aliyevunjika mguu kwenye bodaboda wangekishukuru.

Hesabu ya kamba na rula

Hapa tunaomba mchukue kalamu, kwa kuwa jambo hili linawafaa hata nyumbani, shuleni na kanisani. Mafundi wengi huijua njia ya mteremko kwa jina la rampu, lakini wachache huipima. Hutupia zege mbele ya ngazi mpaka lifike juu, wakamaliza. Matokeo yake ni mwinuko mkali kama paa, ambao mwenye kiti akijaribu kuupanda anaanguka chali.

Kipimo kinachotumika mahali pengi duniani ni 1 kwa 12. Yaani kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu wa njia. Ngazi tatu za sentimita 15 ni sentimita 45, kwa hiyo rampu yake iwe mita 5 na sentimita 40. Ndefu, sivyo? Ndiyo maana mafundi huikwepa. Kama uwanja hautoshi, njia na ikunje kona, ila kwenye kona pawe tambarare, angalau mita moja na nusu kila upande, ili kiti kigeuke. Upana usipungue sentimita 90, na mita 1.2 ni bora. Upande wenye bonde uwe na kingo ndogo ya kuzuia gurudumu lisitoke. Juu pasisakafiwe kama sebule, kwani mvua ikinyesha patateleza. Fundi akwaruze zege kwa ufagio kabla halijakauka.

Kwa kilima mambo huzidi. Tuseme mahali panapotakiwa kufikiwa pako mita 30 juu ya pale gari linaposimama. Mara 12, ni mita 360 za njia. Msukumaji naye huchoka, hivyo kila baada ya mita 9 hivi panatakiwa kituo tambarare cha mita moja na nusu. Jumla inapita mita 400, zikizunguka kilima kama nyoka. Ndiyo maana tunasema, kwanza ulizeni gari linaweza kusogea mpaka wapi. Kumruhusu dereva mmoja kuvuka kizuizi siku moja ni rahisi kuliko kujenga mita 400, na kwa mahali pengi hicho ndicho kibali pekee kinachohitajika. Na kwa mvua za bonde letu, njia yoyote isiyo na mtaro wa kupitisha maji pembeni itakuwa korongo kabla ya Mei kwisha.

Msisahau choo. Viti vingi vina upana wa sentimita 60 hadi 70, na mlango wa choo mara nyingi ni huohuo au chini yake. Kwa wasichana waliovunja ungo jambo hili peke yake hutosha kuwafanya wakatae safari, wakasema hawataki tu. Mama, binti yako akisema hataki kwenda, muulize kwanza kuhusu choo.

Panapobaki ngazi

Si kila ngazi itaondolewa mwaka huu. Pakiwa na ngazi chache, kuna namna ya kumpandisha mtu bila kumwangusha na bila kumbeba kama gunia. Muulizeni mwenyewe kwanza, yeye anajua mwili wake na kiti chake. Kiti kigeuzwe mgongo uelekee ngazi, mtu mwenye nguvu zaidi asimame nyuma na kushika vishikio, kiti kilazwe mpaka kikae juu ya magurudumu makubwa, kisha kivutwe ngazi moja moja. Wa pili awe mbele, chini, ameshika fremu yenyewe. Asishike pa kuwekea mikono wala pa kuwekea miguu, kwani hung'oka. Wakati wa kushuka uso wa aliyekaa utazame mbele, kiti kikiwa kimelazwa vilevile, na wa nyuma asiachie hata nukta moja. Kwenye mteremko mkali usio na ngazi, shukeni kinyumenyume.

Ile baiskeli ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono ni nzuri kwa barabara zetu, lakini ni ndefu na haikunji kona za njia ya msituni. Kwa siku ya safari afadhali kuazima kiti cha kusukuma, ila kimtoshe mtoto. Watoto wenye mgongo wazi na wengine wasiohisi sehemu za chini waketi juu ya mto mzuri, na wainuliwe au waegemezwe pembeni walau kila nusu saa, maana vidonda vya kukaa huanza kimyakimya na hupona kwa shida. Maji wanywe. Wengine hujinyima ili wasiende choo, na ni hatari.

Tunaidai haki, si hisani

Mama akienda kwa mwalimu mkuu au kwenye ofisi ya hifadhi asijione ombaomba. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 30 inataja waziwazi utalii, michezo, na mahali penye umuhimu wa utamaduni wa taifa. Mwaka uliofuata, 2010, Bunge lilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Mkurugenzi anazijua. Lakini sheria ikikaa kabatini haichimbi mtaro, na uzoefu unaonyesha kwamba akina mama watano wakiingia ofisini wakiwa na vipimo vilivyoandikwa kwenye karatasi husikilizwa kuliko mmoja anayelia.

Vipimo hivyo havihitaji mhandisi. Anayekwenda Mang'ula, Mahenge au popote kwa shughuli zake achukue futi kamba ya fundi cherehani. Apime ngazi moja na kuzihesabu zote, apime mlango wa choo, ahesabu hatua kutoka maegesho, aangalie ardhi ni kokoto, mchanga au udongo mfinyanzi. Aandike. Umoja wa akina mama wa kanisa unaweza kuanzia hapohapo kanisani, ambako mara nyingi ngazi za mbele ni tano na mwenye kiti huingizwa na vijana wanne kila Jumapili, mbele ya macho ya watu wote, apende asipende.

Kama safari za shule yenu ni za kiangazi, nendeni kuulizia mwezi wa Mei, wakati njia bado ina matope. Ndipo mtakapoona maji yanapita wapi na gurudumu litazama wapi, na shule itakuwa bado haijachagua mahali pa kwenda.